Naomba ushauri: matembezi ya mzunguko hadi maporomoko ya Materuni pamoja na mama wa miaka 66

BintiWaTanga: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Mwishoni mwa Juni tutakuwa Moshi kwa siku sita: mimi, mama yangu mzazi na wanangu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 12. Mama alikulia Uru, eneo kilipo kijiji cha Materuni, kabla hajaolewa Tanga, na tangu tukiwa wadogo ametusimulia habari za mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji wa Wachagga, uliopita nyuma ya jiko la bibi yake. Kwa hiyo nimekusudia tuanzie kijijini Materuni, ambako ni kama kilomita 15 kutoka mjini, tufuate vijito na mifongo hadi kwenye maporomoko, kisha turudi kwa njia nyingine.

Tatizo ni goti lake la kushoto, kwani kupanda anaweza, ila kushuka kunamtesa. Mwaka juzi tulitembea sehemu nyingine na muongozaji aliyekuwa na haraka, akamwacha mama nyuma peke yake kwenye mteremko, na sitaki jambo hilo litokee tena. Je, mzunguko huu unamfaa? Tuanzie upande gani?

Mzawa_wa_Uru: Karibuni nyumbani, dada, na umfikishie mama shikamoo yangu. Mzunguko unamfaa, ila upangeni kwa kulifikiria goti hilo kwanza. Watu wengi hupanda na kushuka kwa njia ileile kubwa ya kijiji, na miteremko yake ni mikali. Mimi ningewashauri mpande kwa njia hiyo asubuhi, miguu ikiwa haijachoka, kisha mrudi kwa vijia vinavyoambatana na mifongo. Mfongo huchukua maji juu mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, kwa kuwa wazee waliouchimba walitaka maji yatembee bila kula udongo. Kwa sababu hiyo, mtu anayeufuata hushuka taratibu mno, kiasi kwamba mahali pengine hatambui kama anashuka. Kingo zake ni nyembamba, kwa hiyo mtatembea mmoja mmoja.

Naomba pia uwaeleze watoto mapema wasiyazibe maji kwa mchezo. Maji ya mfongo hugawanywa kwa zamu, na huenda huko chini kuna mtu aliyeamka alfajiri kungojea saa zake. Vilevile, mkiona masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani, yamepandwa kwa mstari, jueni huo ni mpaka wa kihamba cha mtu, yaani shamba linalozunguka nyumba yake. Bisheni hodi kwanza, msikatishe katikati ya migomba na kahawa.

Daktari_wa_Miti: Ninaafiki, na nina moja la kuongeza kuhusu majira. Niliwahi kwenda Aprili, masika yakiwa yamekolea, na udongo ule mwekundu uliteleza hata kwa kijana mwenye viatu vya kukanyagia matope. Juni ni nafuu, lakini asubuhi huwa na ubaridi na mawingu mazito, basi mama asikose sweta. Maporomoko yana urefu wa takriban mita 80, na rasharasha zake hulowesha mawe yote ya karibu. Mtafutieni mama pa kukaa kabla hamjayafikia mawe hayo. Na kwa kuwa mnakwenda na watoto watakaouliza maswali, si kweli kwamba maji yale ni theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyoyeyuka, kama wengi wanavyoamini. Sehemu kubwa inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulioko juu ya vijiji, ndiyo maana msitu ukikatwa mifongo hukauka hata kama theluji ingalipo.

MuongozajiMstaafu: Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na lililompata mama yako limenihuzunisha. Lipeni ada ya kijiji, chukueni stakabadhi, na mchague muongozaji mkazi wa hapohapo, kwa sababu anajua kihamba kipi kinapitika na anasalimiana na wenyewe. Kabla hamjaondoka, mwambieni waziwazi kwamba mama ndiye mwenye kupanga mwendo. Mama atembee wa pili, nyuma yake tu, kamwe asiwe wa mwisho. Mpeni fimbo mbili badala ya moja. Kwa miguu ya kawaida, kutoka kijijini hadi kwenye maji ni chini ya saa moja na nusu, ila ninyi tengeni siku nzima, na mkirudi mpumzike kwenye nyumba inayokaanga na kutwanga kahawa.

BintiWaTanga: Nawashukuru sana, kaka zangu. Nimemsomea mama majibu yote, na ameridhika kupanda kwa njia kubwa na kurudi kwa mfongo. Ameuliza jambo moja tu: je, mahali pa kugawia maji bado panazibwa kwa udongo na magome ya mgomba, kama alivyokuwa akifanya na bibi yake?

Mzawa_wa_Uru: Baadhi ya mifongo imejengewa saruji siku hizi, lakini kwetu bado tunatumia gome la mgomba, jiwe moja bapa na udongo. Zamu yetu ni Alhamisi asubuhi. Nitumie ujumbe wa faragha mkishapanga siku, ili tukubaliane mahali pa kukutana, na mama aje aufungue kwa mikono yake.