Mteja anataka "hesabu ya kaboni" ya kongamano la watu 300. Naanzia wapi?

Mratibu_Mikocheni
Wakuu, habari za jioni. Nina kampuni ndogo ya kuandaa mikutano hapa Dar, tuko wanne tu. Tumepata kongamano la siku mbili, wajumbe 300: kama 40 wa Ulaya, 60 wa Nairobi na Kampala, waliobaki wa hapa hapa na Dodoma. Mteja ni taasisi ya nje, na mkataba wake una kipengele kwamba tumpe hesabu ya hewa ya ukaa ya shughuli nzima pamoja na mpango wa kuipunguza. Sijawahi kufanya kitu hicho.

Rasimu yangu inasema: hakuna chupa za plastiki, mikoba ya kitenge, beji za karatasi, na tupande miti 300, kila mjumbe mmoja. Mwenzangu ofisini anasema inatosha, ila mimi roho inakataa. Nawasilisha Ijumaa.

Mzee_wa_Makongamano
Dada, sikiliza roho yako. Ulivyoorodhesha vyote ni vya kupigia picha. Uzito uko angani, kwenye safari za ndege.

Fungua kikokotoo cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ni cha bure, ujaze mji kwa mji, usijaze nchi. Mtu mmoja London–Dar kwenda na kurudi, kiti cha kawaida, inacheza kwenye tani moja hadi mbili. Tofauti inatokana na vikokotoo: kuna vinavyojumlisha na madhara mengine ya ndege ikiwa juu kule, kuna visivyojumlisha. Andika umetumia kipi, usichanganye. Akikaa daraja la biashara, zidisha kama mara tatu, maana kiti chake kinakula nafasi ya watu.

Sasa muulize mteja: kati ya hao 40, wangapi wanakuja kuongea dakika 15 na kuondoka kesho yake? Hao waongee kwa video. Ukipunguza 10 tu umeokoa kuliko mikoba yako yote ya kitenge hadi mwisho wa dunia.

Na huyo mteja hajaota. Sekta yenyewe ya mikutano ilijifunga Glasgow, Novemba 2021, kwenye COP26, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi: kupunguza ukaa kwa nusu ifikapo 2030, na sifuri halisi ifikapo 2050, yaani kisiongezeke kitu hewani. Waliosaini wanawabana wakandarasi wao, na mkandarasi ndio wewe.

Jino_kwa_Jino
Yaani wapande ndege kutoka kwao waje kutuuliza habari za jenereta zetu? Afrika nzima haifiki hata asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya dunia. Mwambie aanze na yeye.

Mzee_wa_Makongamano
@Jino_kwa_Jino hujakosea. Lakini ankara anailipa yeye.

Fundi_Sauti
Kwa kuwa jenereta limetajwa, hilo ni eneo langu. Mwaka jana nilifunga mitambo kwenye mkutano wa siku mbili, jenereta likawashwa asubuhi hadi jioni "kwa usalama", na umeme wa TANESCO haukukatika hata mara moja. Tulijaza lita 410. Lita ya dizeli inatoa karibu kilo 2.7 za ukaa, kwa hiyo tani 1.1 zimekwenda hewani kwa sababu ya woga.

Woga huo ni wa enzi za mgao. Sasa hivi Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, na umeme mwingi wa gridi ni wa maji. Kodi UPS, yaani betri za dharura, kwa meza ya sauti, kompyuta na skrini, jenereta likae stendibai na swichi ya kujiwasha. Zile sekunde chache za katikati UPS itazibeba, hata MC hatajua.

Halafu AC. Ukumbi umewekwa 18, kina mama wamejifunika vitenge tangu saa tatu asubuhi. Weka 24, hakuna atakayelalamika.

Mama_Bufee
Upande wa chakula, ugonjwa mkubwa ni idadi. Mnaniambia 300, wanakula 220, sahani 80 zinakwenda dampo Pugu na huko zinaoza zitoe methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hata ukaa. Nipe idadi ya waliosaini saa nne asubuhi, wali na nyama nipandishe kwa awamu. Makombo nina kijana wa nguruwe Kibamba, anakuja na ndoo zake mwenyewe. Ng'ombe mpunguze, wekeni samaki, maharage ya nazi, mchicha. Na muulize mpishi wako anapikia nini huko nyuma ya hoteli. Wengi mbele majiko yanang'aa, nyuma ni magunia ya mkaa.

Kaka_Dodoma
Mmesahau mashangingi. Dodoma–Dar na kurudi ni kilomita 900, lita 120 hivi kwa gari moja, yaani kilo 300 na ushee, ndani bosi mmoja na dereva. Treni ya umeme ipo tangu 2024, safari haifiki masaa manne. Wakatieni tiketi ninyi, muweke basi dogo la kuwapokea stesheni.

Mzee_wa_Makongamano
Miti nayo usiiite punguzo. Mche wa leo utachukua miaka kubeba ukaa wa safari ya leo, na wa kuumwagilia simjui. Kinachobaki mkishapunguza, mteja anunue hati za kaboni, yaani alipie ukaa unaozuiwa na misitu inayolindwa tayari, mfano Bonde la Yaeda kwa Wahadzabe. Na mabango yasichapwe tarehe wala "kongamano la nne", yatatumika tena mwakani.

Mratibu_Mikocheni
Mrejesho wakuu. Mteja amekubali wazungumzaji 12 waongee kwa video, na ameshangaa tulivyomwonyesha ndege peke yake ni sehemu kubwa ya hesabu kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Jenereta stendibai, hoteli imekubali baada ya mabishano. Miti nimeitoa.

Iliyobaki ni treni. Nimepigia ofisi tatu Dodoma, zote zimeuliza swali moja: wakija na treni, pesa ya mafuta wanapewa mkononi au inakuwaje? Kuna aliyewahi kulijibu hili akabaki na urafiki?

Kaka_Dodoma
Hapo nakuja PM.