Metarhizium yangu inageuka nyeupe kwenye sahani, imezeeka au inajiua?

kijana_wete
Asalaam alaykum wadau. Mie nasoma kilimo, nna Metarhizium, fangasi inayoua wadudu, niliyoitoa kwenye funza wa chonga (mdudu mharibifu wa minazi) aliyekufa kakakamaa na unga wa kijani mwili mzima. Mwanzo sahani ya maabara ninayoioteshea ilikuwa kijani safi, sasa kila nikiihamisha yanatoka mabaka meupe kama pamba, spora (mbegu zake) hakuna, na funza nikiwapaka hawafi. Halafu nimesoma pahala eti seli za fangasi hizi zinajila zenyewe. Ndo hiyo? Mbona kitu kinachojila kiweze kuua mdudu?

bi_maabara
Waalaykum salaam mwanangu. Usivichanganye hivyo. Mabaka ni uzee, watafiti walishaandika 2005 kuhusu Metarhizium hii hii, ukiihamisha sana sahani kwa sahani seli zinazidiwa na oksijeni kali mpaka zinachoka. Kujila ni jambo jengine, linaitwa otofaji, seli inabomoa vitu vyake vikuukuu na kuvitumia upya. Fikiria spora imetua kwenye ngozi ya mdudu, chakula pale hakuna, inategemea akiba yake tu, hasa mafuta, ijenge kifundo chenye presha cha kutobolea ngozi. Watafiti walipoizima jeni ya ATG8 inayohusika na otofaji, fangasi ikashindwa kujenga kifundo vizuri na makali ya kuua yakapungua. Sasa hapo nani kasema kujila ni udhaifu?

chake_bio
Na kufa kwa mpango je, kama seli zetu?

bi_maabara
Fangasi hazina kaspezi kama zetu, yaani vimeng'enya vinavyoua seli kwa mpango, zina ndugu zake, metakaspezi. Zinahusika na kufa kwa seli ila kwa hamira zimeonekana pia zinasafisha protini zilizoharibika, sa usiziite za kujiua tu.

mzee_minazi
Yakhe ATG mie siijui, ila watu wanapiga fangasi saa sita mchana, jua linaua spora kabla hazijamfikia mdudu, wakisha wanasema dawa feki. Piga jioni. Na chonga anataga kwenye magogo ya minazi yaliyooza na samadi, weka huko, kuna kivuli na unyevu.

kijana_wete
Sasa yangu ndo ya kutupa?

bi_maabara
Usitupe. Chukua sehemu ilobaki kijani, ambukiza funza hai, akifa itoe tena kwenye maiti yake, mara nyingi makali yanarudi. Kisha spora zikaushe uweke kwenye friji, wacha kuhamisha ovyo.

kijana_wete
Friji ya nyumbani yafaa?

bi_maabara
Bora ya maabara. Ukikosa basi funga chupa sawasawa uandike jina, mama asije akadhani iliki ya kusaga 😂