Kikundi: KRISMASI USHARIKANI 2025

*Jumamosi, 20 Disemba*

06:14 Katibu: Bwana asifiwe wapendwa. Hii ndiyo wiki ya Baba Mchungaji, someni mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote. Kesho, Jumapili ya nne ya Majilio: Mtaa wa Kati asubuhi, halafu Mtaa wa Chini. Jumatatu mazishi ya mama yetu wa ng'ambo ya mto, jioni wachumba wa tarehe 27. Jumanne Meza ya Bwana kwa wagonjwa, nyumba 9. Jumatano mchana igizo la watoto, usiku mkesha Kati saa 1 na mkesha Juu saa 4. Alhamisi Krismasi, mitaa yote 3. Ijumaa ubatizo, watoto 14.

06:15 Katibu: Pikipiki yake bado iko kwa fundi. Nani anampandisha Juu Jumatano usiku? Nataka jina.

09:50 Katibu: Watu 47 mmesoma. Jina hata moja hakuna?

10:02 Mama Kwaya: Ameni

10:03 Katibu: Ameni ya kumpeleka, Mama?

10:31 Mama Kwaya: Ya ratiba 😂

11:05 Mzee wa Mtaa wa Juu: Katibu, saa 4 tena?

11:06 Katibu: Mzee wangu, hawezi kuwa mahali pawili.

11:09 Mzee wa Mtaa wa Juu: Mwaka jana pia mliandika saa 4. Tukawasha mshumaa mweupe wa katikati tukijua yuko njiani. Ukayeyuka wote, nta ikamwagika kwenye kitambaa cha madhabahu, watoto wamelala kwenye mabenchi. Hicho kitambaa mke wangu alikisugua mpaka mwaka mpya.

11:10 Mzee wa Mtaa wa Juu: Na sisemi habari ya kinanda.

11:10 Mama Kwaya: Umeshaisema.

11:12 Mzee wa Mtaa wa Juu: Kilishuka kwa wiki mbili. Wiki mbili za mwaka gani?

11:13 Mhazini: Tusianze.

11:14 Katibu: Jamani, pikipiki!

11:20 Kijana wa Igizo: Shikamooni. Yusufu wetu amekataa. Anasema hana la kusema kwenye igizo.

11:21 Mama Kwaya: Hata kwenye Injili hasemi neno hata moja, kijana. Mwambie kesho asikilize vizuri, somo ni Mathayo 1:18-25, yeye mwenyewe. Aliota, akaamka, akatenda.

11:22 Kijana wa Igizo: Anataka awe punda

11:22 Mhazini: 😂😂😂

11:23 Kijana wa Igizo: Punda tunao wawili tayari, wa mbele na wa nyuma. Wa nyuma analalamika.

11:25 Mama Mtaa wa Chini: 😂😂 mpeni uchungaji wa kondoo

11:41 Katibu: Naomba tusicheke kwanza. Mtu huyu ana mahubiri 6 ya kuandaa na hana usafiri.

12:30 Mwalimu wa Kwaya: Ndiyo kwanza nafungua simu. Kinanda kisitugombanishe. "Usiku Mtakatifu" uliimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi 1818, kanisa la Oberndorf, Austria, kwa gitaa. Maneno ya padre msaidizi, Joseph Mohr, muziki wa mwalimu wa shule, Franz Gruber. Gitaa ninalo, nitapanda nalo Juu.

12:32 Mzee wa Mtaa wa Juu: Lenye nyuzi ngapi?

12:40 Mwalimu wa Kwaya: 5

12:41 Mzee wa Mtaa wa Juu: Haya.

15:18 Mwinjilisti Mstaafu: Wanangu. Huwa siandiki humu, mjukuu ananiandikia.

15:24 Mwinjilisti Mstaafu: Jana jioni Mchungaji alikuja kunipa Meza ya Bwana, amekuja kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Tukaanza Baba Yetu. Alipofika "utupe leo" akanyamaza. Nikadhani anaomba kimoyomoyo. Nikafumbua macho, amelala ameketi wima, kikombe kimo mkononi na hakijamwagika. Sikumwamsha. Nikaimalizia sala peke yangu, taratibu, nikakaa nikikitazama kile kikombe kisianguke.

15:26 Mwinjilisti Mstaafu: Mkesha wa Juu auongoze mwinjilisti wa kule. Isaya 9, Luka 2, nyimbo na maombi, saa 1, watoto wakiwa macho. Siku ya Krismasi Mchungaji aanzie Juu, awape Meza ya Bwana wa kwanza. Nimemaliza.

15:27 Katibu: Tumesikia, Babu. Shikamoo.

17:40 Mzee wa Mtaa wa Juu: Nimesikia, Babu. Wa kwanza ni neno zito. Nitawauliza wenzangu.

17:52 Mhazini: Sasa Kati tunasali Krismasi saa ngapi? Wageni wetu wanaondoka mchana.

17:53 Katibu: Tutapanga.

17:53 Mhazini: Lini?

18:10 Mama Mtaa wa Chini: Na sisi basi ndio wa mwisho?

19:36 Kijana wa Igizo: Yusufu amekubali, ila anataka fimbo

23:48 Mchungaji: Ndiyo kwanza narudi. Babu, unisamehe sana kwa jana. Wapendwa wa Juu, mwaka jana niliwaahidi mbele ya watoto kwamba mkesha huu sitachelewa. Binti mmoja alinishika kidole akaniuliza, "kweli?" Siwezi kutuma mtu badala yangu.

23:49 Katibu: Baba, Babu ameshasema.

23:49 Katibu: Lala Baba.

23:55 Mchungaji: Nimalizie kwanza hotuba ya kes

23:58 Mama Mchungaji: Simu ninayo mimi. Muwe na usiku mwema.

*Jumapili, 21 Disemba*

05:02 Katibu: Bwana asifiwe. Saa ya mkesha Juu tutaiamua baada ya ibada, nyuma ya kanisa, Mzee wa Juu usiondoke. Ila akipanda au asipopanda, Krismasi alfajiri lazima afike kule. Bado sina jina la mwenye pikipiki.

05:30 Mama Kwaya: Ameni

05:44 Kijana wa Igizo: Ya kaka yangu ipo, lakini taa ya mbele haiwaki