Dokumentari za Australia: wanajisema wenyewe hadharani hivi? Nianze na zipi?

mtoto_wa_kirumba:

Habari zenu wakuu. Juzi nimeangalia dokumentari ya Australia inaitwa The Final Quarter, ya 2019, dairekta wake Ian Darling, na mpaka naandika hapa haijanitoka kichwani. Inamhusu Adam Goodes, mchezaji wa ule mpira wao wa AFL (sio soka, mpira wenyewe umekaa kama yai), jamaa ni wa wenyeji wa asili wa kule, staa wa Sydney Swans, kachukua medali ya Brownlow (ya mchezaji bora wa msimu) mara mbili na 2014 wakampa tuzo ya Mwaustralia wa Mwaka. Mwaka 2013 binti wa miaka 13 akamuita nyani kutoka jukwaani, Goodes akawaonyesha walinzi, kesho yake akaongea na waandishi akasema jamani msimlaumu huyu mtoto, msaidieni. Yaani kafanya uungwana wa hali ya juu, lakini ikawa ndo mwanzo wa balaa, kufika 2015 akigusa tu mpira uwanja mzima unamzomea, mechi hii na ile, mpaka akastaafu.

Sasa kilichonishika sio stori peke yake. Filamu nzima haina msimulizi, haina intavyuu hata moja mpya. Ni klipu za tv, redio na magazeti ya wakati uleule zimeungwa tu. Unawaona watangazaji wamekaa studio na suti zao wanabishana kama kuzomea ni ubaguzi au ni ushabiki wa kawaida, hakuna anayekwambia nani kakosea, wewe mwenyewe unakaa pale unasikia aibu. Na siku inaonyeshwa mara ya kwanza pale Sydney, Juni 2019, AFL na klabu zote 18 wakatoa tamko la kuomba radhi.

Mimi natengeneza video fupi za historia ya mpira wa huku Mwanza, nataka kujifunza huu mtindo. Maswali yangu, je ni kawaida yao kule kutengeneza namna hii? na hela wanatoa wapi za filamu zinazowasema wenyewe? na nikitaka kuielewa nchi yao kupitia dokumentari nianze na zipi?

binti_pangani:

Karibu sana kaka, umeingia kwa mlango mzuri. Mi ni mpenzi wa hizi filamu miaka mingi na nikwambie kitu kimoja, ukitaka kuzielewa usiangalie tu stori inasema nini, angalia kamera ilikua mikononi mwa nani na leo picha zinasomwa na nani. Mambo mengi mazuri kule yametoka kwenye mikanda ya zamani ambayo aliyeipiga alikua na nia yake, alafu baada ya miaka watu waliokua ndani ya picha wakapewa nafasi ya kusema na wao.

Tafuta First Contact ya 1983, ya Bob Connolly na Robin Anderson. Miaka ya 1930 ndugu watatu wa familia ya Leahy, Waaustralia watafuta dhahabu, walianza kupanda milima ya New Guinea (eneo lilikua chini ya Australia) wakidhani juu hakuna watu, wakakuta karibu watu milioni moja. Mmoja wao alikua na kamera ya filamu. Connolly na Anderson wakaichukua ile mikanda miaka hamsini baadae wakaenda kuwaonyesha wazee wenyewe kule milimani. Kuna mzee anasimulia walivyowaona wazungu wakadhani ni wafu wao wamerudi, basi mmoja akajificha kumvizia mzungu akienda haja, alivyoondoka wakaenda kuangalia, wakarudi na jibu kwamba ngozi yao tofauti ila kinyesi kinanuka kama chetu. Mzee anacheka mpaka machozi. Alafu dakika chache mbele unaona wale wale Leahy wanasimulia watu waliowapiga risasi, tena kwa utulivu kabisa, na kicheko chote kinakukauka.

Nyingine ya mwaka huohuo ni Lousy Little Sixpence ya Alec Morgan na Gerry Bostock. Inahusu watoto wa wenyeji wa asili jimbo la New South Wales waliochukuliwa kwa wazazi wao na bodi ya serikali wakapelekwa kufanya kazi za ndani kwa wazungu. Hiyo sixpence (peni sita) kwenye jina ndo ujira walioahidiwa, wengi hawakuiona. Kuna bibi anaitwa Margaret Tucker anasimulia jinsi alivyochukuliwa, anaongea taratibu kama bibi yeyote anayeongea barazani, huwezi kuzima. Elewa kwamba ripoti kubwa ya taifa kuhusu hao watoto ilitoka 1997, na waziri mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni Februari 2008. Filamu ilitangulia kote huko.

mzee_wa_reli:

Nakubaliana na dada hapo juu ila wakuu tusifanye kama dokumentari za Australia ni dhambi na toba tu, mtakua mnawapunja. Hawa watu wana historia ndefu ya kazi hii na mengine ni ya kujivunia kweli.

Oscar ya kwanza kabisa ya Australia ilitoka kwenye dokumentari. Kokoda Front Line! ya 1942, kampuni ya Cinesound chini ya Ken G. Hall, mpiga picha Damien Parer. Inaanza Parer mwenyewe kasimama na sare anakuangalia usoni anakwambia vita imefika mlangoni na huku mjini watu hawajui. Alafu anakupeleka msituni New Guinea, tope mpaka magotini, kuna mtu wa Jeshi la Wokovu anamuwashia sigara majeruhi, kuna Wapapua wanabeba machela kwenye miteremko ambayo mtu mzima asiye na mzigo anaweza kuanguka. Mi nilipoona wale wabebaji niliwawaza wapagazi wetu wa vita ya kwanza ya dunia, maelfu kwa maelfu walikufa huku kwetu na hakuna aliyewapiga picha ya hivyo. Parer mwenyewe aliuawa 1944 kule Peleliu, kisiwa cha Pasifiki, akiwa kazini.

Alafu kuna The Back of Beyond ya 1954, John Heyer aliwatengenezea Shell, ikashinda zawadi kuu tamasha la filamu la Venice. Dereva wa posta anaitwa Tom Kruse anapeleka barua na mizigo kutoka Marree mpaka Birdsville, zaidi ya kilomita 500 za jangwa, lori likizama mchangani wanatandika mabati chini ya matairi linasogea kidogo wanayatoa nyuma wanayaleta mbele tena. Kama umewahi kupanda lori njia ya vumbi wakati wa mvua utaipenda bila kuambiwa.

Na Cane Toads ya Mark Lewis, 1988. Walileta chura 1935 Queensland ili wale wadudu wa miwa, wadudu hawakuliwa, chura wakazaana wakasambaa. Kamera imewekwa chini usawa wa chura. Inachekesha lakini ni somo zito kuhusu wataalamu wenye uhakika uliopitiliza.

kigoma_mpaka_perth:

Salamu kwenu ndugu. Mimi ni Mkongo, nimekulia kambi ya Nyarugusu, sasa niko Perth na familia, na huku tuko Waswahili wengi, Wakongo na Warundi. Niongeze moja ambayo hamjaitaja, Mike and Stefani ya 1952, ya Ron Maslyn Williams. Ilitengenezwa na kitengo cha filamu cha serikali ili Waaustralia wawapokee wakimbizi wa vita kutoka Ulaya. Mume na mke Waukraine wanaigiza maisha yao wenyewe, kutenganishwa na vita, kambi Ujerumani, alafu inafika intavyuu ya ofisa wa uhamiaji. Ndugu zangu, ile intavyuu. Ofisa anauliza, mkalimani anageuza, ofisa anarudi swali lilelile kwa njia nyingine, mume anameza mate. Imepigwa kabla baba yangu hajazaliwa na ni kile kile chumba tulichokaa sisi, meza ileile na faili lilelile. Nimewaonyesha wazee wa kanisani kwetu na kila mmoja akaanza kusimulia ya kwake.

Alafu weka pembeni yake Chasing Asylum ya Eva Orner, 2016, kuhusu waliofika kwa boti wakapelekwa kuzuiliwa visiwa vya Nauru na Manus. Na Chauka, Please Tell Us the Time ya 2017, hiyo Behrouz Boochani aliipiga kwa simu kisirisiri akiwa amezuiliwa Manus, akawa anatuma vipande vipande kwa mwenzake Arash Kamali Sarvestani aliyekua nje. Nchi moja hiyohiyo. Mimi naishi vizuri hapa, nimepokelewa vizuri na nashukuru, na bado nataka wanangu waziangalie zote tatu, maana hii sasa ni historia yao pia.

mtoto_wa_kirumba:

Duh asanteni sana, daftari limejaa. Ila swali la hela bado, maana hapo kigoma_mpaka_perth kasema kitengo cha serikali ndo kilitengeneza, sasa inakuaje serikali hiyohiyo inalipia filamu za kuiumbua?

wa_ngara_road:

Sasa hapo ndio penye utamu buda. Serikali yao iliunda bodi ya filamu ya taifa 1945, na mwanzoni ilikuwa ni kupamba nchi, mashamba, mabwawa, wahamiaji njooni. Hiyo bodi ikakua ikaja kuitwa Film Australia, ilikuwa na mkataba wa kutengeneza filamu zenye maslahi ya taifa, na 2008 ikaunganishwa ndani ya Screen Australia ambayo ndiyo inagawa pesa mpaka leo. Kitu kilichosaidia ni kwamba mwenye pesa na mwenye stori hawakai meza moja. Pia kuna vituo viwili vya umma, ABC na SBS, ambavyo vina nafasi kwa ratiba ya hizi kazi, kwa hiyo mtengenezaji anajua mahali itaonyeshwa. Sisi huku tunaweza kupata pesa ya kushoot, lakini ukimaliza unapeleka wapi?

Lakini pesa peke yake haingetosha. 1980 wenyeji wa asili walianzisha CAAMA pale Alice Springs, chombo cha habari chao wenyewe, ikaanza na redio. Madairekta Rachel Perkins na Warwick Thornton wote walifunzwa kazi huko. Perkins ndiye alitupa First Australians, SBS 2008, vipindi saba, halafu The Australian Wars 2022, kuhusu vita vya kunyang'anywa ardhi, anaenda mpaka mahali watu wa ukoo wake waliuawa, na anauliza kwa nini mnara wa vita wa taifa pale Canberra unakumbuka vita vyote vya ng'ambo na hivi vya nyumbani vinaachwa. Huwezi toa hiyo filamu kwa bajeti tu, lazima kwanza kuwe na watu wamefunzwa miaka na miaka wakiwa kwao.

binti_pangani:

Wa_ngara_road umesema lililo kweli kabisa. Naongeza moja kwa kaka wa Kirumba kwa sababu kasema anataka kutumia klipu za zamani.

Filamu zao nyingi zinaanza na tahadhari kwa wenyeji wa asili kwamba ndani kuna picha na sauti za marehemu, kwa sababu jamii nyingi za kule mtu akifariki jina lake na sura yake vinawekwa pembeni. Angalia Gurrumul, ya Paul Damien Williams, kuhusu yule mwimbaji kipofu wa kisiwa cha Elcho. Mwenyewe aliipitisha siku chache kabla hajafariki Julai 2017, na familia ndo ikaruhusu jina na sura yake vitumike, kinyume na desturi. Bila ruhusa hiyo hakuna filamu. Na kuna mikanda iliyopigwa tangu 1901 huko Australia ya kati, ya sherehe za siri, ambayo leo haionyeshwi ovyo, wenye sherehe ndo wanaamua nani aone.

Kwa iyo kabla hujaunga klipu za wachezaji wa zamani wa Mwanza tafuta waliobaki, na wajane, na watoto wao. The Final Quarter inasimama bila intavyuu mpya kwa kuwa Goodes alishaongea hadharani wakati ule, kwenye kamera, zaidi ya mara moja. Wazee wako hakuna aliyewauliza. Ukiwaunga kimyakimya bila msimulizi watabaki kimya vilevile, hapo mtindo wa First Contact utakufaa zaidi, beba laptop uwaonyeshe, na urekodi wanavyoiangalia.

mtoto_wa_kirumba:

Hili la mwisho limenibadilisha mpango dada. Kuna kipa wa miaka ya sabini anakaa Igoma, namfahamu mwanae. Nampigia leo jioni niombe Jumamosi.