Tupeane uzoefu: nguo za ndani za pamba, kitani na hempu katika joto la Pwani

Mwanzilishi wa mada, Mkomani, Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo haya hutufanya tulipite kimya, nalo ni kitambaa cha nguo zetu za ndani. Wakati wa maleleji, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi haijashika, jasho halikauki mwilini hata ukikaa barazani kivulini, na boksa au chupi ya poliesta huligandisha jasho hilo kinenani na mapajani mpaka harara ikatoka.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, kwa hiyo nianze na sababu. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, uzi wa pamba hufyonza mvuke wa takriban asilimia 8 ya uzito wake na uzi wa kitani au wa hempu hukaribia asilimia 12, ilhali poliesta haifiki hata asilimia 1. Hempu ninayoitaja ni nyuzi zinazotolewa katika ganda la shina la mmea wa jamii ya bangi, wa aina isiyolevya. Nyuzi zake hushabihiana sana na za kitani. Tahadhari moja niitoe mapema: nguo zinazosifiwa kwamba ni za mianzi, nyingi ni viskosi, yaani mti uliosagwa na kuyeyushwa kwa kemikali kali zenye madhara kwa wafanyakazi wa kiwanda, kisha ukavutwa kuwa uzi. Ulaini wake ni wa kweli, lakini mimi siihesabu pamoja na pamba.

Nimevaa pamba tupu kwa miaka mingi na nimeridhika nayo. Wenzangu mnavaa nini, mnakipata wapi, na kinadumu vipi? Tuandike kwa adabu, kwani wake kwa waume wanasoma.

Fundi cherehani, Langoni

Wa alaikum salaam, Maalim. Wateja wangu wengi huja na kitambaa walichouziwa kwa jina la pamba, nami kabla ya kukitia mkasi huchomoa nyuzi mbili tatu ukingoni nikaziwasha kwa kibiriti mbele yao. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini yanayopeperuka ukiyapuliza. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, na ikipoa huacha kitone kigumu cheusi kisichovunjika kwa vidole. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa majivu na kitone kwa pamoja. Kipimo hiki hakiwezi kutenganisha pamba na kitani au hempu, maana zote zimetokana na mimea na zote huungua kwa namna moja. Hapo utategemea lebo, na mkono uliozoea kushika vitambaa.

Kwa chupi za kike na za watoto nachagua kitambaa cha fulana cha pamba, kwa sababu kinanyumbuka chenyewe. Boksa pana za wanaume nazishona kwa bafta au kwa kikoi chepesi, ambavyo havinyumbuki, kwa hiyo kipande cha katikati nakikata mshazari ili kivutike mtu anapochuchumaa au anapopanda ngazi. Boksa isiyokatwa hivyo hupasuka hapo hapo, na watu huilaumu pamba bure. Kitambaa chochote nakiloweka usiku kucha na kukianika kabla ya kukipima, kwani pamba husinyaa katika ufuaji wa kwanza. Mshono nao naukunja na kuulalisha, usibaki ukingo wa kukwaruza ngozi.

Jambo ambalo ningependa kila mtu amwambie fundi wake ni hili la lastiki. Nguo nyingi za ndani za dukani hutupwa kitambaa kikiwa bado kizima, kwa kuwa lastiki imelegea na haitoki bila kuifumua nguo nzima. Mimi naipitisha ndani ya pindo la kiuno, isiguse ngozi, na naacha tundu dogo upande wa nyuma. Ikichoka, mwenyewe huivuta na kupitisha nyingine kwa pini. Boksa ya bafta iliyoshonwa hivi hubadilishwa lastiki mara kadhaa kabla kitambaa hakijachakaa, na tunapozungumza juu ya nguo isiyoharibu mazingira, sioni pa kuanzia pengine zaidi ya nguo inayokaa.

Muuguzi, Malindi

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi. Kwa upande wa afya naomba tusiipe pamba sifa ya dawa, kwani haitibu fangasi. Inachofanya ni kupunguza ule unyevunyevu na joto ambamo fangasi hustawi, na kwa hali ya hewa yetu hilo si dogo. Wanaokuja kwetu na muwasho wa kinena mara nyingi wamevaa nguo ya nailoni iliyobana, wameshinda nayo kutwa nzima na jasho, kisha wamelala nayo. Nawashauri wabadilishe nguo baada ya kazi inayotoa jasho, walale na kitu kipana au bila nguo ya ndani, na nguo mpya waifue kabla ya kuivaa ili rangi na dawa za kiwandani zipungue. Muwasho unaoendelea, au uchafu wenye harufu ukeni, unahitaji uchunguzi wa kituo cha afya, hata kama mtu anavaa kitambaa bora kuliko vyote.

Tena dada zangu, tuzungumze juu ya uanikaji. Tumelelewa kuzificha chupi, tukazianika chumbani nyuma ya mlango au chini ya kanga mbili, na mvua za masika zikianza hazikauki kabisa. Mtu huvaa nguo mbichi bila kujua. Stara ni njema nami naiheshimu. Tumia kanga moja nyepesi, itandaze juu ya kamba ya chini iliyo juani na penye upepo, na uiache wazi pembeni.

Baharia, Shela

Mimi nitatofautiana kidogo na Maalim. Pamba ni nzuri nchi kavu, lakini ukiwa mashuani na mawimbi yakakurowesha, pamba hushika maji na haikauki upesi, na chumvi inayobaki hukwaruza mapaja mpaka unatembea kwa taabu. Poliesta hukauka haraka, hilo ni kweli, ila hunuka na huchoma juani. Kilichonifaa ni bukta ya kitani, pana, isiyo na mshono katikati ya mapaja. Hulowa vilevile, lakini upepo huikausha mapema. Nikifika nyumbani naisuza kwa maji baridi ya kisima, na hapa Shela tumebahatika kwa kuwa vilima vya mchanga hutuhifadhia maji matamu. Aliye na kisima cha maji ya chumvi anajua kwamba sabuni haitoi povu na nguo hubaki ngumu, hivyo afadhali asuzie maji ya mvua.

Niongeze kwamba kila poliesta inapofuliwa huacha vijiuzi vya plastiki, na maji tunayomwaga huishia baharini tunakovua. Hapa Lamu tuliunda jahazi la Flipflopi kwa takataka za plastiki, likashushwa majini mwaka 2018, kwa ajili ya kuzungumzia jambo hilihili. Ile iliyo kwenye nguo haionekani ufuoni, lakini ni plastiki ileile.

Mfanyakazi wa hoteli, Malindi

Kuhusu hempu ninaweza kueleza, kwani nimevaa. Mgeni mmoja wa Kiitaliano, mtu mzima, aliniletea boksa za hempu asilimia 55 na pamba asilimia 45. Alinieleza kwamba kwao, upande wa Bologna na Ferrara, hempu ililimwa sana kabla ya nailoni na poliesta kuenea, na bibi yake alikuwa na mashuka ya hempu yaliyorithiwa. Mwanzoni zilikuwa ngumu kidogo, nami nilidhani zitanichubua, lakini kila zilipofuliwa zilizidi kulainika, na hazishiki harufu upesi hata nikihudumu tangu alfajiri. Ni nzito kuliko pamba ya fulana, kwa hiyo mwenye kupenda chupi nyepesi sana hatazifurahia.

Wapo wanaoogopa kuzivaa kwa sababu ya jina la mmea wenyewe. Nyuzi hazilevyi. Kinachokatazwa na sheria yetu ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya ni kulima na kutumia bangi, ndiyo maana hempu haimo mashambani kwetu, na nguo zake hutoka ng'ambo kwa bei inayozidi ya pamba mara kadhaa, mbali na gharama ya kusafirisha. Ni zao linalohitaji dawa chache za wadudu kuliko pamba, na kwa hilo nalisifu. Hata hivyo, kwa mshahara wa kawaida sioni sababu ya kuagiza, ikiwa fundi anaweza kukushonea ya pamba mtaani.

Mama wa watoto wanne, Mpeketoni

Huku kwetu pamba inalimwa, na inaniuma kuiona ikiondoka kwa magunia ilhali jora tunazouziwa zimetoka nje. Wasichana wangu wanasoma bweni, na chupi za bei nafuu za gengeni ni nailoni tupu. Mitumba siikaribii kwa nguo za ndani, na kanuni za viwango za Kenya haziruhusu nguo za ndani zilizotumika kuingizwa nchini. Fundi, kitambaa kiasi gani kinahitajika, na je, kanga kuukuu inafaa?

Fundi cherehani, Langoni

Mama, nusu mita ya kitambaa cha fulana chenye upana wa mita moja na nusu hutoa chupi mbili za msichana mkubwa, na vipande vinavyobaki hutosha ya mtoto mdogo. Kanga kuukuu inafaa kwa kipande cha ndani cha katikati, kwa kuwa imekwisha kulainika na rangi haitoki tena. Ichemshe kwanza, na uipitishe kwenye kiberiti, maana siku hizi zipo kanga za poliesta. Lete chupi moja iliyochakaa lakini iliyowakaa vizuri, ikiwa imefuliwa. Nitaifumua, nitaichora kwenye karatasi, na karatasi hiyo nitakurudishia, ili hata fundi wa Mpeketoni aweze kuitumia.