Msaada: mikia ya maneno ya sayansi kwa Kiingereza (niko Lubumbashi)

Kijana_Katuba
Jambo yenu wote. Nimesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Sasa nina kazi ya kutafsiri maandishi ya sayansi kwenda Kiingereza, kurasa 38, na mikia ya maneno inanitesa: -ite, -ose, -ome. Kuna kanuni moja ya kufuata kote? Nataka jibu kabla ya Jumatatu. Usingizi sina.

MamaBukari
Mwanangu, umekula? Kichwa chenye njaa hakishiki hata Kiswahili.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, kanuni moja haipo, na Kifaransa ndicho kinachokuponza. -ite ya Kifaransa inafanya kazi tatu. Iko ya ugonjwa: hépatite, bronchite, appendicite. Iko ya jiwe: malachite. Iko ya chumvi ya maabara: sulfite. Kiingereza kinabadilisha ile ya ugonjwa peke yake, inakuwa -itis: hepatitis, bronchitis, appendicitis. Jiwe na chumvi usiziguse.

Hiyo -itis ni Kigiriki, na mwanzoni haikuwa na uvimbe wowote ndani yake. Ilikuwa kama "-a" yetu ya kuhusisha: arthritis nosos, ugonjwa wa viungo. Nosos, yaani ugonjwa, likaanguka njiani, mkia ukabaki na mzigo wote. Leo daktari akiusikia anajua mahali fulani pamevimba na panawaka. Appendicitis, kidole tumbo, si neno la kale: Reginald Fitz wa Boston alilileta 1886.

Mikia ya chumvi ilipangwa Paris mwaka 1787, na wanakemia Guyton de Morveau, Lavoisier na wenzao wawili. Sulfate ina oksijeni zaidi, sulfite ina pungufu.

-ose nayo ni mtego. Tuberculose, kifua kikuu, inakuwa tuberculosis, lakini glucose inabaki glucose kwa sababu ni sukari. Carcinome, aina ya saratani, inakuwa carcinoma, ila génome, jumla ya vinasaba, inabaki genome. Uliza kwanza neno ni la kitu gani, ndipo ushike mkia.

Fundi_Mawe
Papa Mwalimu amesema kweli. -ite ya mawe ni yetu huku! Cornetite ilitambuliwa kwenye mgodi wa Étoile, hapa hapa Lubumbashi, ikapewa jina la Jules Cornet, Mbelgiji. Kasolite imetoka kwenye jina la Kasolo, kule Shinkolobwe. Mimi nauza bangili za malachite. Juzi mteja kaniuliza kama rangi ya kijani itatoka akiosha vyombo, nikamwambia mama, hiyo ni shaba ilivyozaliwa, itakuzika wewe. Akanunua mbili.

Dada_BelAir
Kijana, kazi ni ya nani? Na imefika wapi? Mtu anayetafuta "kanuni moja ya kufuata kote" kuna kitu ameshakifanya.

Kijana_Katuba
Ni ya mtu tu. Nimeanza kidogo.

Dada_BelAir
Kidogo ni ngapi?

Kijana_Katuba
Bon. Nimemaliza. Niliamuru kompyuta ibadilishe kila -ite iwe -itis, mara moja, kote. Ni kijitabu cha afya na usalama wa wafanyakazi wa mgodi, kina magonjwa na madini pamoja. Nusu ya kwanza, kurasa 30, nilituma juzi.
Lakini magonjwa yote yametoka sawasawa! Na msomaji mwenye akili ataelewa tu.

Fundi_Mawe
Kwa hiyo malachite yangu sasa ni malachitis? Jiwe limeshikwa na homa! 😂

Dada_BelAir
Na neno "site"? Mgodi ni "site" kila ukurasa.

Kijana_Katuba
...Sitis.

MamaBukari
Mungu wangu. Rudisha pesa, mwanangu. Pesa ya kazi mbovu hailali nyumbani.

Kijana_Katuba
Mama, avansi haipo tena. Mwenye kazi ni mjomba wa mchumba wangu, na avansi nimeiingiza kwenye mahari. Kwa hiyo imerudi kwao, tukiangalia vizuri.

Macho_Mane
Mnadanganywa. Kurasa 38 juu, halafu "nusu" ni 30? Tangu lini nusu ya 38 ni 30? Na mjomba gani wa mgodi anampa kijitabu cha usalama mtu asiyejua Kiingereza? Huyu ametunga ili tucheke.

Fundi_Mawe
Hata mimi niliona. Mahari kulipwa kwa pesa ya wakwe wenyewe, hiyo ni hadithi ya kilinge.

Mwalimu_Mstaafu
Ya kutunga au ya kweli, maelezo yangu ni yale yale. Na wakubwa nao walikosea: mwaka 1868 mwanga wa jua ulionyesha kitu kipya, wakakiita helium, kwa mkia wa metali, -ium, kama sodium. Kumbe ni gesi. Mkia haukubadilishwa mpaka leo.

Kijana_Katuba
Sijatunga! 38 ni zile zilizobaki, nilisema "nusu" kwa kukadiria. Nimefungua ukurasa wa 12 sasa hivi: malachitis mara nne, na "white" imekuwa whitis.

Macho_Mane
Tuma picha.

Kijana_Katuba
Ngojeni, mjomba anapiga.

Kijana_Katuba
Anauliza kama malachitis inaambukiza. Amempa nesi wa mgodi kile kijitabu, na nesi ameshaweka vijana wawili wenye vumbi la kijani kando. Nimwambie nini?

Dada_BelAir
Ukweli. Leo.

MamaBukari
Na mahari ilikuwa dola ngapi?