Naomba ushauri: ninunue PS5 sasa au nisubiri Apple?

Assalam alaikum. Nina banda la gemu hapa Chake Chake, mashine mbili za PS4, vijana wanalipia kwa mechi. Pesa ya PS5 moja ninayo, lakini mpwa wangu aliyeko Unguja ananing'ang'aniza nisubiri. Eti Apple wakiingia kwenye mashine za gemu za nyumbani, Sony wanaotengeneza PS5 watafunikwa. Tangazo hakuna, ni makisio yake tu.

Mie nasitasita. Apple walishajaribu mwaka 1996 na Bandai, mashine ikiitwa Pippin, haikudumu. Google wakaleta huduma ya gemu ya Stadia 2019, wakaifunga Januari 2023. Nayo ilitegemea intaneti tupu, na bando zetu mnazijua. Kweli Microsoft waliingia na Xbox 2001 wakabaki, ila walikuwa na mfuko wa kubeba hasara. Na mteja wangu haulizi kampuni, anauliza mpira upo?

Wenye mabanda, mngefanyaje? Mashine ngeni ikiharibika pedi, nitaipata wapi Pemba? Halafu PS5 ya diski au ile isiyo na diski? Naielemea ya diski, maana tunaweza kuazimana na jirani.